Pombe Iliyofunguliwa Jikoni

Siku laini ya simu ya Kinshasa ilipofufuka, posta ya Kisangani ilifurika watu hadi kwenye ngazi za nje. Wengine walikuwa wamekaa sakafuni na vifurushi vyao, wengine wamesimama wakijipepea kwa magazeti ya Chama, na kila mmoja aliamini kwamba shida yake ndiyo ya haraka kuliko shida zote za Zaire. Nyuma ya dirisha la simu alikaa Agathe, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Kibandiko kifuani pake kilisema Citoyenne Lifeta, yaani raia Lifeta, kwa kuwa miaka hiyo Chama kilikuwa kimeyapiga marufuku majina ya ubatizo. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alikuwa Agathe kama siku zote. Alivaa kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano, blauzi yake imevimba mabegani, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi. Alikuwa mzuri na alijua, wala hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

"Kinshasa, kabini ya pili!" aliita.

Akainuka kijana mrefu, koti lake la abacost la kahawia lina vumbi jeupe viwikoni. Akaingia kabini, akafunga mlango, na ukumbi mzima ukamsikia vile vile.

"Maua! Nasema maua! Hapana, si mabichi, makavu! Magunia ya maua! Haitakuja tena? Namna gani haitakuja tena?"

Watu walicheka mpaka wenye vifurushi wakavisahau. Kijana alitoka jasho linamtiririka, akaja dirishani kulipa. Agathe alimtazama kwa jicho la upande.

"Citoyen, kama ni maua ya bibi yako, soko iko hapo karibu. Juu ya nini unasumbua Kinshasa?"

"Bibi sina."

"Alors maua ni ya nani?"

"Ya pombe."

"Pombe inavaa maua siku hizi?"

"Inakunywa maua," alisema kijana, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Houblon. Bila ile maua pombe ni uji ya muchele tu. Mi ni mupishi wa pombe pale kiwandani. Jina Séverin."

"Shhh! Majina ya namna hiyo hapana kuitaja hapa." Lakini alicheka. "Nilifikiri uko mupishi wa mikate. Unanukia mukate."

Basi yakaanza hapo. Tangu siku ile simu ya kiwanda cha bia ikawa na shughuli ambayo mkurugenzi hakuijua.

"Posta, naam."

"Mademoiselle, naomba Kinshasa."

"Kinshasa imekufa tangu asubuhi."

"Najua. Ndiyo sababu napiga. Tuongee siye wawili."

"Séverin, watu wanangoja hapa!"

"Wangoje. Sema tena jina yangu, sheri."

"Kata simu."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Msimamizi alikohoa nyuma, naye Agathe akajifanya anaita posta ya Bumba.

Ni kwenye waya huo Séverin alimsimulia habari ya bia yake. Alikuwa mtu wa Kindu, alisomea upishi wa bia Ubelgiji, akarudi kuwa msaidizi wa mzee mmoja wa Kiflamandi. Serikali iliponyang'anya wageni biashara zao, mzee alifungasha virago, kiwanda wakapewa wakubwa wasiojua hata shayiri inafananaje, na ghalani likabaki gunia moja kubwa la maua makavu ambalo hakuna aliyelitaka.

"Zamani," alisema, "Waingereza walikuwa wanatuma pombe mpaka India. Miezi mingi kwenye meli, jua kali, pombe inaharibika. Alors wakatia houblon mingi, mingi sana, mpaka ikawa chungu. Ile ikafika nzima. Sasa angalia boti zetu za Yangambi na Bumba. Kreti zinakaa juani, pombe inafika imekuwa siki. Mi nitapika ile ya India hapa hapa, na muchele ya Maniema. Pombe ya Kisangani yenye haiozi, Agathe!"

"Na nani atakunywa kitu chungu?"

"Wewe."

"Mi nakunywaka sucré tu, soda."

"Siku moja utaionja. Nitangoja."

Jioni alimngoja kweli nje ya posta, wakatembea ukingoni mwa mto hadi njia ya kwenda maporomoko, kwa wazazi wa Agathe. Hakumshika mkono njiani, kwa kuwa vijana wa Chama walipenda kuuliza maswali. Alimshika walipofika penye kelele ya maji, ambapo hakuna awezaye kumsikia mwenzake na watu huongea kwa macho. Agathe alilala na furaha, akaamka nayo. Alimpenda mtu yule, basi, hana la kuficha.

Bia ilipokomaa, Séverin alisema anataka kwenda kwa wazee.

Kwa kina Agathe, watu wa uvuvi, mchumba huja na kinywaji. Wazee wakinywa, neno limefunguka. Wasiponywa, arudi alikotoka. Na kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa, tena mwenye kukileta hutangulia kuonja, ili kusiwe na shaka ya sumu. Msidhani ni imani ya wajinga. Ingia baa yoyote ya Kisangani, mhudumu akikuletea chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama wewe ni daktari, chupa hiyo itarudi naye.

Siku ya siku, Papa Urbain, baba yake Agathe, alikaa barazani amevaa shati jeupe la kanisani, mkono umepumzika kifuani kama alivyozoea miezi ile. Kando yake alikaa mdogo wake, Tonton Wenceslas, baba mdogo wa Agathe na mkuu wa Chama mtaani, abacost nyeusi, beji ya Chama inang'aa. Mama Odile, mkewe, alikuwa amechoma samaki. Agathe alivaa kikwembe kipya cha rangi ya zambarau, na miguu ilikuwa haimtulii.

Jikoni alimkuta Séverin ameinamia kreti, chupa moja mkononi, anaifungua polepole kama mtu anayemvua kofia mtoto aliyelala.

"Unafanya nini? Séverin, pombe inafunguliwa mbele ya watu."

"Najua, sheri. Lakini hii haiko kama zingine. Iko na mashapo chini. Nikiifungua kule na kila mutu akajimiminia, itatoka na matope. Papa atasema nimemuletea maji ya mufereji. Acha niitoe juu juu hapa, ibaki safi. Nataka aione rangi."

"Watasema..."

"Watasema nini? Wewe uko hapa, unaona."

Alimimina ndani ya jagi la kioo, taratibu, akaacha uchafu chupani. Akaliinua jagi kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa rangi ya asali ya msituni, na povu jeupe juu lililokaa bila kuvunjika. Agathe aliona jinsi uso wa mpenzi wake ulivyokuwa, akakosa nguvu ya kukataa. Mwishowe alilichukua jagi yeye mwenyewe, akaliweka kwenye sinia na bilauri. Alimpenda, na alitaka papa yake aione rangi ile.

Tonton Wenceslas aliona jagi likitoka jikoni, akatupa jicho kwa kaka yake. Séverin, ambaye Ulaya ilimfundisha kuwatangulizia wazee, aliwamiminia wao kwanza na yeye akabaki wa mwisho. Hata hilo hakulikumbuka, jamani. Miaka michache tu kwa watu, na mtu anasahau alivyozaliwa.

Tonton alipiga funda moja. Uso ukamjikunja, akageuka, akaitema yote mchangani.

"Nini hii? Hii haiko pombe! Nani alifungua hii?"

"Mi, tonton," alisema Séverin. "Iko chungu kwa sababu ya maua. Ndivyo inapikwa." Akainywa ya kwake yote kwa mkupuo, lakini alikuwa amechelewa.

"Kila mutu anaweza kukunywa dawa ya kuzuia sumu mbele," alisema Tonton.

"Wenceslas!" Papa Urbain alimkemea. "Umezoea sukari kama mutoto." Akainua bilauri yake, akanywa bila haraka, akalamba midomo. "Iko kali. Iko kama kongobololo, ile dawa ya majani yenye mama alikuwa anatupa tukishikwa na homa. Unakumbuka tulivyolia? Lakini hii, ikishapita, kuna kitu kizuri kinabaki nyuma." Akanyoosha bilauri. "Kijana, tia tena."

Agathe alijificha nyuma ya mlango, akalia kwa furaha. Papa yake alikunywa mara ya pili, akala samaki, akamuuliza Séverin habari za Kindu na za reli. Walipoagana alimpiga bega. "Rudi na wazee wako," alisema.

Kulipopambazuka, Mama Odile aligeuka kitandani, akamgusa mumewe, akapiga ukelele ulioamsha mtaa wote.

Daktari alikuja, akasema moyo. Alisema mzee huyu alikuja hospitali mara kadhaa kwa siri, na aliambiwa aache kuvuta nyavu na vikapu majini. Lakini nani alikuwa anamsikiliza daktari? Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa sakafuni, nywele wamefumua, na Tonton Wenceslas alikuwa amesimama uani bila viatu, machozi yanamtoka kama mtoto.

"Mi nilitema," alisema. "Niko muzima. Kaka yangu alikunywa, na kaka yangu ndiye huyu. Nyinyi munataka daktari aniambie nini?"

Tonton hakuwa mwongo, wala hakuwa na ugomvi na Séverin. Aliyaona kwa macho yake, na macho yake yalimwambia hivyo. Hapo ndipo Agathe naye alipoingiwa na shaka. Maana na yeye aliona. Aliona chupa ikifunguliwa jikoni, aliona mkono wa Séverin juu ya jagi, na kwa dakika moja aligeuka kuchukua bilauri kabatini. Dakika ile, nani alikuwa anatazama?

Aliondoka msibani bila kuaga, kikwembe cha jana mwilini, akaenda posta moja kwa moja. Wenzake walimpisha. Aliketi, akachomeka waya wa kiwanda.

"Séverin."

"Agathe! Nimesikia sasa hivi. Mungu wangu, Agathe, pole, pole sana. Nakuja."

"Usikuje. Nataka uniambie kitu kimoja. Uliweka nini mule?"

Waya ulivuma mtupu.

"Séverin, uliweka nini?"

"Na wewe?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Agathe, hata na wewe?"

Mara hii simu ilikatwa, na aliyekata ni Séverin. Agathe aliita tena na tena. Baadaye alipokea karani, akasema askari wa gendarmerie wamekwisha kumchukua.

Maiti ililazwa uani chini ya turubai. Waombolezaji walikuja na vikapu vya muhogo, wakakaa, wakaimba. Agathe alikaa kando ya jeneza kama mtu aliyezibwa masikio. Kila alipofumba macho aliona mkono ule juu ya jagi, na kila alipofumbua alimwona papa yake. Alitaka mmoja wao amwambie ukweli.

Kesho yake mchana, Papa Lambert, mzee wa chumba cha mitambo kiwandani, alifika uani. Alitoa pole kwa wazee, kisha akamvuta Agathe pembeni, kofia anaifinyanga mikononi.

"Binti yangu, wanamupiga. Nimepeleka chakula, nimemuona. Wanataka aseme jina ya dawa, na jina hana. Kesho boti inashuka Kinshasa, wanataka kumupakia. Ile watu wanapakiaka hawarudi, unajua."

"Mi nitafanya nini, papa Lambert?"

"Komanda anasema jamaa ndiye alishitaki. Jamaa wakisema si sumu, atamuachilia, hana shida naye. Ongea na tonton yako." Akasita. "Hasemi kitu juu yako. Nilimuuliza kama nikuletee neno, akageuza uso ukutani."

Agathe aliingia jikoni. Kreti ilikuwa bado pale, Tonton ameifunika gunia na kuamuru mtu asiiguse, kwa kuwa ni ushahidi. Ndani mlikuwa na chupa ambazo hazikufunguliwa. Alichukua moja. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya uvuguvugu wa jua. Aliishika muda mrefu. Semeni mnavyotaka, lakini msichana yule hakuwa na hakika. Kama angekuwa na hakika, lingekuwa jambo dogo. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kuishi mpaka uzee bila kujua alimpenda mtu wa namna gani.

Alitoka uani na chupa mkononi. Nyimbo zilikatika moja moja.

"Tonton Wenceslas."

"Weka chini ile kitu."

"Tonton, niambie mbele ya watu wote hawa. Nikiikunywa, na nikabaki muzima mpaka jua kuzama, utaenda kwa komanda kuondoa mashitaka?"

"Mutoto, uko na wazimu. Papa yako hajazikwa!"

"Jibu, tonton."

Tonton alitazama huku na huku. Watu wote walikuwa wamemkazia macho, wazee wa maporomoko, vijana wa Chama, wanawake wa kwaya.

"Nitaenda," alisema.

Agathe aliuma kizibo kwa jino, kikaruka. Povu lilimwagika vidoleni. Mama Odile alipiga kelele, akataka kuinuka, wanawake wakamshika. Agathe aliinua chupa, akanywa.

Uchungu ulimpiga kwanza, ukapanda hadi puani, machozi yakamtoka. Ulimi ulitaka kuitapika. Alimeza. Alikuwa msichana wa sucré, hajawahi kumeza hata pombe ya harusi, na mwili wake wote ulisema hii ni sumu, tonton alisema kweli, tema. Akapiga funda la pili. La tatu. Ndipo kikaja kitu kutoka mbali, kama ganda la chungwa unapolivunja karibu na uso. Akasimama kidogo, chupa mdomoni. Halafu, chini ya chungwa, ukaja mkate. Ilikuwa harufu ya yule kijana wa dirisha la simu, viwiko vyake, shingo yake, ile ile.

Alikunywa mpaka mwisho, na mashapo yote, akaweka chupa tupu miguuni mwa jeneza.

"Jua bado," alisema, akaketi mkekani.

Wakaanza kungoja. Uwanja mzima ulikaa kumtazama binti wa watu anakufa au hafi. Mama Odile alikivuta kichwa chake mapajani, akawa anampangusa jasho na kuomba kwa sauti ya chini. Shangazi mmoja alileta mawese kwenye kikombe.

"Kunywa, mama, utapike. Kunywa haraka."

Agathe alifunga mdomo, akatikisa kichwa. Akitapika, kazi yote imekuwa bure. Kichwa kilimzunguka, midomo ikawa mizito. Mtu akasema, "Ndiyo hiyo inaanza." Mwingine akasema, "Angalia macho yake." Na kumbe ni ulevi tu wa mtu asiyezoea. Alilia kwa kwikwi pale mapajani, akamlilia papa yake kama hakuwahi kumlilia tangu afe, maana sasa alijua kwamba papa amekufa tu, kwamba hakuna aliyemuua, na msiba wa namna hiyo hauna hata mtu wa kumkasirikia.

Jua lilishuka nyuma ya michikichi, likazama. Agathe aliinuka, akasimama kwa miguu yake.

"Tonton."

Tonton Wenceslas alivaa abacost yake polepole, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Nilisema nitaenda, nitaenda," alisema. Sauti ilikuwa imemwisha. "Lakini unisikilize. Papa yako amelala pale, na wewe umekunywa pombe mbele ya maiti yake juu ya mutu wa kuja. Bon. Hukufa. Alors nani alimuua kaka yangu? Tulikuwa na mutu wa kulaumu, umemuondoa. Umetuachia kifo yenye haina mwenyewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho usikanyage kaburini. Wewe si wa nyumba hii tena."

"Tonton, ni papa yangu!"

"Ungelikumbuka mbele ya kufungua chupa."

Agathe alimtazama mama yake. Mama Odile aliinamisha kichwa. Alikuwa mjane wa siku mbili katika kiwanja cha shemeji zake, angesema nini, na angelala wapi akisema? Mikono ambayo tangu mchana ilimpangusa binti yake ilibaki imelala mapajani.

Asubuhi Agathe alikuwa amesimama mbele ya lango la gendarmerie, kikwembe kile kile cha zambarau, sasa kimejaa vumbi. Usiku alilala kwa Papa Lambert. Lango lilifunguka, Séverin akatoka peke yake, mkono mmoja umeshikilia ukuta. Pua yake ilikuwa imepinda upande, imevimba, damu imekauka juu ya mdomo. Alimwona, akasimama mbali kidogo.

"Lambert aliniambia," alisema. "Uliikunywa."

"Yote. Na matope yake."

Lakini mpishi ni mpishi, akashindwa kujizuia.

"Ilikuwa namna gani?"

"Chungu. Chungu sana, Séverin. Halafu kama chungwa, mbali. Halafu mukate."

Alifumba macho, na machozi yakapita katikati ya uvimbe. "Mi sitaijua tena," alisema. "Walinipiga hapa, sisikii harufu. Wamenipa supu, iko kama maji. Jasho yangu mwenyewe siisikii. Kiwandani wamesema nisirudi, na hata wakiniita, mupishi bila pua ni nini?"

Agathe alisogea amguse. Aliuzuia mkono wake, bila ukali.

"Ngoja. Nataka kujua kitu kimoja. Mbele ya kukunywa, ulijua kama haina kitu?"

Angeweza kudanganya. Neno dogo tu lingetosha, na mtu huyu aliyevunjwa angelipokea kama maji. Lakini alikuwa amechoka na mambo yasiyojulikana.

"Hapana," alisema. "Sikujua."

"Ulifikiri naweza kuua papa yako."

"Nilifikiri. Na nilikunywa."

Kichwani mwake Séverin alikuwa anayapanga maneno yale, anayapangua. Aliyemshuku ni huyu, na aliyekubali kufa ili ajue ni huyu huyu.

"Ingekuwa na sumu, ungekufa," alisema mwishowe.

"Ningekufa nikijua."

Akauachia mkono wake. Ndipo waliposikia nyimbo. Kamioni ilikuwa inapanda kutoka upande wa maporomoko, imejaa watu wa kwaya waliofunga vitambaa vyeupe, na katikati yao jeneza la Papa Urbain, limefunikwa wavu wake. Tonton Wenceslas alikaa mbele na dereva, akatazama mbele. Mama Odile alikuwa nyuma, karibu na jeneza. Alimwona binti yake kando ya barabara. Hakupunga, hakuita, lakini hakugeuza uso. Alimtazama mpaka kamioni ilipokata kona ya makaburi na vumbi likafunika kila kitu.

Agathe alipiga magoti pale pale ukingoni, na Séverin akapiga magoti kando yake, kwa shida, mkono kwenye mbavu.

"Nilitaka kuleta wazee wangu," alisema. "Papa yako aliniambia niwalete. Sasa nitaomba kwa nani?"

"Hakuna nyumba inayobaki ya kuomba. Niombe mi."

"Sina kazi, Agathe. Sina pua. Na kila mutu hapa anasema nimeua."

"Niombe."

"Agathe Lifeta, unikubali?"

"Nakukubali," alisema, akaegemeza kichwa kwenye bega lake. "Tutaenda Kindu kwa wazee wako, treni ya kwanza. Lakini leo usiongee tena. Wanamuzika papa sasa hivi, na mi siko pale. Niache nimulilie hapa."

Watu waliokuwa wanakwenda sokoni waliwapitia, wengine wakawatambua wakavuka barabara, na Agathe akamlilia papa yake mpaka nyimbo za makaburini zilipokwisha.